Siku Kaporali Alipopelekwa Plage

Kaporali hakuwa mbwa mbaya. Hilo nalisema mapema, maana pale mtaani Kamalondo watu walimchafulia jina sana, na wengi wao hata mkia wake hawajaugusa. Alikuwa mbwa wa mtu mmoja tu, na mtu huyo akafa.

Désiré alikuwa fundi wa reli. Kila asubuhi kabla ya kazi alimtembeza Kaporali mpaka kwenye njia ya treni na kurudi, akimsemesha njia nzima kana kwamba ni mfanyakazi mwenzake. Kisha Désiré akaugua siku nne, ya tano tukazika. Tangu siku hiyo, miezi kumi na moja, mbwa hakutoka tena nje ya lango, kwa sababu mke wa marehemu, Hortense, naye hakutoka.

Kwa watu wa ukoo ule wa Désiré, waliotoka kaskazini ya Katanga, mjane haendi hovyo. Anavaa nyeusi, ananyolewa nywele, hacheki na mwanaume mbele za watu. Na kubwa kuliko yote, haingii majini. Kuoga nyumbani kwa ndoo, sawa. Lakini mto, ziwa, bwawa, hapana, mpaka siku ya kutoa kilio, ndugu wa mume wampeleke wenyewe mtoni wamwoshe kwa mikono yao. Hapo ndipo anakuwa huru na anabaki mtoto wa nyumba. Mjane akijiosha mwenyewe kabla ya siku hiyo, amejikata na familia, na familia haina tena neno naye.

Hortense aliyashika yote hayo, na alikuwa na sababu. Désiré hakuacha hata kikaratasi kuhusu nyumba. Lakini siku ya arobaini, Papa Kapya, baba mdogo wa marehemu na mkubwa wa familia, alisimama mbele ya wote akasema: mke wa mutoto wetu akishika kilio vizuri mwaka mzima, siku ya kumwosha tutatia saini sisi wote, nyumba ibaki yake na ya binti yake Tracy. Michée, mdogo wa Désiré, alikunja uso siku ile, ila mbele ya mzee alimeza mate akanyamaza. Mtaniuliza, na sheria ya serikali je? Ipo. Nendeni mkaipangie foleni, mkifika mbele mtuambie. Hortense alikuwa na neno la Papa Kapya, na zilibaki wiki tatu.

Sasa mbwa. Mbwa aliyezoea kukimbia kila siku, ukimfunga mwaka mzima kwenye kamba ya mita mbili, unategemea nini? Kaporali alinenepa, akawa na hasira. Alimng'ata kisigino mteja aliyeleta kitambaa cha kushona, maana Hortense alikuwa akishonea watu kwenye chumba cha nyuma. Halafu akamchania suruali mkubwa wa avenue mwenyewe, kiongozi wa mtaa, aliyekuja kusalimia tu. Mkubwa wa avenue hakupiga kelele. Alisema kwa upole kwamba mpaka mwisho wa mwezi mbwa ajifunze kukaa na watu, la sivyo ataleta mtu wa sindano. Hortense aliposikia sindano, alimtazama Kaporali. Yule mbwa bado alisimama masikio wima saa ile ile Désiré alipokuwa akirudi kutoka kazini. Amuue kwa sindano, halafu amwambie nini Tracy?

Akamweleza Gaëlle. Kwani angemweleza nani mwingine? Walisoma pamoja kwa masista, wakala sahani moja. Gaëlle alisuka watu nywele kule mtaa wa Kenya, mji huohuo, katika chumba cha kupanga ambamo mvua ikinyesha wateja walihamisha viti. Nguo za mtoto wake wa kwanza zilitoka kwa Hortense. Mtoto alipolazwa, Hortense ndiye aliyelala sakafuni hospitali siku sita. Na Désiré alipokufa, Gaëlle ndiye aliyeshika wembe akamnyoa rafiki yake, polepole, huku analia. Kila Jumapili alikuja kumpitishia siku. Mtu wa namna hiyo unamwita dada, humwiti rafiki.

«Ile imbwa haiko mubaya,» Gaëlle alisema. «Inakosa tu kutembea na kuzoea bantu. Tuipeleke ku plage Samedi. Kuko muntu moya, Liévin, anafundishaka imbwa, alikuwaka na imbwa za bazamu, bale benye kulinda, kule Sakania. Siku moya tu, utaona.»

«Na kilio yangu?»

«Uko unaenda kucheza? Unaenda kutembeza imbwa ya bwana yako. Nani atasema kitu?»

«Basi tumuulize kwanza Papa Kapya.»

«Ukimuuliza muzee, Michée atasikia, ataanza palabre, maneno mingi. Unamujua. Wacha, tutaenda asubui, mangaribi tuko ku nyumba.»

Hortense hakumuuliza mzee. Hilo ni kosa lake, na mimi simfichi. Lakini mtu aliyefungiwa miezi kumi na moja, akiambiwa asubuhi atakwenda na jioni atarudi, usimhukumu upesi.

Plage yenyewe ni bwawa la zamani nje ya mji. Mwenye shamba amemwaga malori ya mchanga ukingoni, akajenga vibanda vya nyasi, akaweka muziki na mtu wa kuchoma michopo, nyama ya mbuzi, akaandika PLAGE kwa rangi ya bluu, na watu wanalipa wanaingia. Jumamosi walifika na gari la makaa, Gaëlle mbele na dereva, Hortense nyuma na Kaporali, wote wawili weusi kwa vumbi. Mbwa alitetemeka njia nzima. Hortense alimshika shingo akimsemesha kama Désiré alivyomsemesha, na akaona aibu kwamba hakufanya hivyo siku nyingi.

Liévin alikuwa mwanaume mfupi, mpole, mwenye mbwa jike wa kahawia aitwaye Duchesse. Hakumwangalia sana Hortense, alimwangalia mbwa.

«Huyu anaogopa,» alisema. «Bantu banasema iko kali, kumbe iko naogopa. Kwanza tuichokeshe. Imbwa yenye ingali na nguvu haisikiake kitu.»

Akatoa kamba ndefu, wakazunguka bwawa mara mbili, Kaporali akivuta mbele kama ng'ombe wa mkokoteni. Mzunguko wa kwanza Hortense alikokotwa. Wa pili mbwa alianza kupunguza, ulimi nje, akigeuka kumtazama anayemfuata. Ndipo Liévin akamleta Duchesse. Hakuwakutanisha uso kwa uso. Aliwatembeza ubavu kwa ubavu, mbali kama upana wa barabara, wote wakielekea upande mmoja, kisha akapunguza nafasi kidogo, tena kidogo. Kaporali akinguruma, wanarudi nyuma bila kumgombeza. Akinyamaza, anapewa kipande cha nyama. Baada ya saa nzima wale mbwa walinusana, na Duchesse akamrukia Kaporali shingoni kumchokoza, naye, mzee mzima, akainamisha kifua chini akainua makalio juu kama mtoto wa mbwa.

«Gaëlle, piga hii,» Hortense alisema. «Piga nzuri, utume kwa Tracy.»

Simu ya Hortense ilikuwa ya vitufe, haina picha. Ya Gaëlle ilikuwa mpya kabisa. Hortense aliiona na akafurahi kwa ajili ya rafiki yake, akadhani kazi ya nywele imeanza kulipa.

Walimpitisha mbwa kwenye vibanda. Liévin aliwaomba waliokaa wasimtazame machoni, wamtupie tu kipande cha mchopo pembeni na waendelee na mazungumzo yao. Wengine walicheka, wakakubali. Kibanda cha kwanza Kaporali alisimama mbali. Cha nne alikuwa anakwenda mwenyewe, mkia chini lakini unatikisika. Mama mmoja mnene alimkuna sikio bila kuulizwa, na Hortense alifumba macho akisubiri kilio. Alipofumbua, mbwa alikuwa ameegemea goti la mama yule. Gaëlle alipiga picha zote, akizunguka, akiinama, akisogea karibu.

Jua lilipokuwa kali, nguo nyeusi ya Hortense, ndefu mpaka kwenye vifundo, ilimganda mwilini kwa jasho. Gaëlle akatoa kikwembe, kitenge cha njano, kwenye mfuko wake.

«Funga hii, nguo yako ipate upepo. Unapika ndani mule. Nani anaona?»

Hortense alisita, kisha akafunga.

Ilibaki kazi moja. Liévin alisema mbwa mnene anapona viungo kwa kuogelea, dakika kumi za maji zinashinda saa ya kukimbia. Duchesse aliingia mara moja. Kaporali aligoma. Alisimama pale mchanga unapolowa, akabweka, akamtazama Hortense.

«Anangojea weye,» Liévin alisema. «Ingia kidogo, atakufuata.»

«Mimi siingie mu maji.»

«Mpaka ku magoti tu, Hortense,» Gaëlle alisema. «Magoti ni kuoga? Ungekanyaga tope ya barabara wakati ya mvua, ni kuoga?»

Hortense aliwaza juu ya Papa Kapya, akawaza juu ya sindano. Kisha akakunja kikwembe akaingia, mpaka kwenye vifundo, mpaka magotini, si zaidi, akaita. Kaporali alilia kidogo kama mtu, akaingiza mguu, akautoa, akauingiza. Halafu akaamua mara moja, akaruka na uzito wake wote, kamba ikazunguka miguu ya Hortense, na mjane akaanguka matako chini ndani ya maji mpaka kiunoni, mbwa juu yake akimlamba uso.

Alicheka. Miezi kumi na moja hakuwa amecheka, na kicheko kile kilimtoka tumboni bila ruhusa yake. Liévin alikimbilia kumpa mkono ainuke, naye akiwa anacheka. Gaëlle alikuwa ukingoni, simu juu.

Jioni walirudi. Kaporali alilala palepale langoni asiamke mpaka asubuhi. Jumatatu mkubwa wa avenue alipita kuangalia. Mbwa alinyanyuka, akamnusa kiatu, akalala tena. Mkubwa wa avenue alicheka, akasema mambo ya sindano yamekwisha. Hortense alikata kitambaa kizuri alichokuwa amejiwekea, akaanza kumshonea Gaëlle gauni la shukrani. Jioni ile Tracy alipiga simu kutoka Likasi anakosomea uuguzi, akauliza picha ziko wapi, hajapata hata moja. Hortense alisema ni réseau, mtandao unasumbua.

Alhamisi, saa tisa mchana, walikuja bila kutoa habari: Papa Kapya, Michée, na mashangazi wawili wa Désiré, Musonda na Delphine. Hortense alifurahi. Alidhani wamekuja kupanga siku ya kumwosha. Alitandika kitambaa mezani, akaleta maji ya kunywa. Hakuna aliyekunywa.

Michée aliweka simu mezani mbele ya mzee.

«Mama, angalia na weye,» Papa Kapya alimwambia Hortense. Sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa imechoka.

Picha ya kwanza, yeye amekaa ndani ya maji mpaka kiunoni, mdomo wazi kwa kicheko, mkono wake ndani ya mkono wa mwanaume. Ya pili, yeye na kikwembe cha njano, mwanaume yuleyule nyuma yake, bega kwa bega. Liévin alikuwa akimwonyesha jinsi ya kushika kamba, lakini picha iliishia kwenye vidole vyao. Ya tatu, wamekaa kwenye kibanda, chupa mbele yao, chupa ambayo Gaëlle ndiye aliyeinywa. Hortense alizitazama moja moja, akarudia. Kitu fulani kilimsumbua, si kile walichokuwa wanakiona wao, kingine, na ilimchukua muda kukijua.

«Imbwa iko wapi?» aliuliza.

«Imbwa gani?» Michée alisema.

«Kaporali. Alikuwa mu picha yote. Hapa alikuwa juu yangu. Hapa kamba yake. Banamukata. Nani alimukata?»

Shangazi Delphine aligeuza uso kwa haya. Kweli, mjane ameonekana majini na mwanaume, na anaulizia mbwa.

«Papa, mimi nilienda na imbwa,» Hortense alisema, na sauti ilianza kumtoka mbio. «Majirani bote baliona tukimupandisha mu gari. Huyu muntu anafundisha imbwa, hata jina yangu sijue kama analijua. Nilianguka. Imbwa iliniangusha. Gaëlle alikuwako, Gaëlle alininyolaka nywele na mikono yake, yeye aseme. Mumuite.»

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Naapa, hata wakati ule hakuwa amejumlisha. Simu iliyopiga picha zile ilikuwa moja tu duniani, na yeye bado aliwaza kwamba mwizi fulani alimwibia Gaëlle picha. Mtu akikunyoa huku analia, akili yako inakataa kwenda kule.

Michée akampigia Gaëlle. Hakutafuta namba, aliibonyeza tu. Kutoka Kenya mpaka pale kwa miguu ni nusu saa nzuri. Gaëlle alifika kabla maji kwenye bilauri hayajapoteza baridi yake.

Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Papa Kapya akamuuliza: mbwa alikuwako?

«Alikuwako, Papa.»

Hortense alishusha pumzi.

«Alikuwako, lakini alifungwa ku muti,» Gaëlle aliendelea, macho yake kwenye kitambaa cha meza. «Babo babili njo balikuwa mu maji. Mimi nilimukataza. Nilimuambia, Hortense, kilio haiyaisha. Akasema nani anaona.»

Hortense alimtazama rafiki yake, akasubiri amalizie, maana lazima kulikuwa na kitu cha kumalizia. Hakikuja. Maneno yale, nani anaona, yalikuwa ya Gaëlle mwenyewe, na sasa yalikuwa yamekaa mdomoni mwa Hortense mbele ya ukoo mzima. Akafungua kinywa aseme, mleteni Liévin, akakifunga. Mwanaume wa kwenye picha aje kumtetea mjane wa kwenye picha? Angekuwa amejimaliza kabisa. Hakulia. Alitamani kulia, ingesaidia, mashangazi wangeona machozi wakakumbuka jambo. Hayakuja.

Papa Kapya aliinuka kwa taabu.

«Mutoto yangu, miye nilikutetea mwaka muzima,» alisema. «Mbele ya huyu,» akamwonyesha Michée kwa kidevu. «Sasa hatuna maji ya kukuosha. Umejiosha. Nyumba itarudi ku famille mwisho ya mwezi.»

Walitoka mmoja mmoja. Michée alipita taratibu mbele ya chumba cha mbele, kile kinachotazama avenue, ambacho kilikuwa kimefungwa tangu Désiré afe, vitu vyake ndani. Akapima mlango kwa macho, akamwambia Gaëlle neno dogo, na Gaëlle akatikisa kichwa kukubali. Mlango mpana, dirisha kubwa, wateja wanaopita mchana kutwa, bati jipya lisilovuja. Hapo Hortense alijumlisha, hata simu mpya akaijumlisha.

Alimfuata mpaka langoni. Kaporali alikuwa amelala kwenye njia. Aliinuka, akamnusa Gaëlle, akamjua, akampisha.

«Gaëlle.»

Alisimama, hakugeuka.

«Ni ile chumba?»

Gaëlle aliitikia kwa kichwa, bado amempa mgongo.

«Ungeniomba,» Hortense alisema. «Ungeniomba tu, ningekupa. Siku banatia saini, siku ileile, ningekupa ufunguo. Nilishawaza hata rangi ya ukuta.»

«Ninajua,» Gaëlle alisema.

Sasa aligeuka, na uso wake haukuwa na ubaya wowote, ulikuwa uso uleule wa Jumapili zote zile, na hilo ndilo lililomwumiza Hortense kupita yote.

«Ninajua ungenipa. Ungenipa kama ulivyonipa nguo ya mutoto, kama ulivyonipa bunga, kama ulivyonipa yote. Na mimi ningekaa mule kila siku nikisema aksanti. Miaka makumi mbili ninasema aksanti, Hortense. Kwa Michée sitasema aksanti. Yeye alitaka kitu, nilimupa, yeye ananipa. Tunaachana, deni hakuna.»

Gaëlle alingoja kidogo, labda alitaka kutukanwa, labda ingemfaa. Kisha akavuka barabara bila haraka, akainua mkono kusimamisha pikipiki, na Hortense akabaki pale langoni na nguo yake nyeusi, ambayo sasa hakuna mtu tena aliyehitaji aivae.